Mayowe ya Little Richard hayakuwa ya kubahatisha

Wapo wanaoisifu "Tutti Frutti", wimbo wa Little Richard, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani, kwa namna inayonikera. Husema ni kijana aliyepandwa na mori, akapiga mayowe, mashine ikayanasa, basi. Mori ulikuwapo, tena mwingi. Lakini ulibebwa na watu walioijua kazi yao barabara, na hao ndio tunaowasahau.

Ilikuwa Septemba 1955, New Orleans, kwenye studio ya Cosimo Matassa, chumba kidogo nyuma ya duka. Kazi ilikuwa inadorora. Richard aliimba blues kwa adabu mno, na prodyuza Bumps Blackwell alikuwa ameanza kukata tamaa. Walipotoka kwenda kula kwenye klabu ya Dew Drop Inn, Richard akaona piano na watu wa kumtazama, akawafyatulia "Tutti Frutti", wimbo wake wa vilabuni uliojaa matusi. Blackwell akajua hapo hapo kwamba huo ndio wimbo. Mtunzi wa nyimbo Dorothy LaBostrie akaitwa kuyasafisha maneno, na kwa kuwa muda wa studio ulikuwa unayoyoma na mpiga piano mwingine asingewahi kufundishwa, Richard akakaa kwenye piano mwenyewe.

Sikiliza unavyoanza: hakuna ala hata moja, ni sauti tupu inayogonga silabi mithili ya dramu. Halafu bendi nzima inatua kwa mpigo mmoja. Saksafoni inapotaka kuchukua zamu yake, Richard anaifungulia mlango kwa yowe, nayo inaingia bila kusitasita. Earl Palmer kwenye dramu, Lee Allen na Red Tyler kwenye saksafoni, walikuwa wanamuziki wa studio wa kutegemewa mjini pale. Walipiga wote pamoja chumbani. Aliyekosea hakuwa na pa kujificha, maana hakukuwa na kurudia ala moja moja baadaye. Palmer alieleza miaka mingi baadaye kwamba mdundo wake wa rock and roll ulitokana na kuufuata mkono wa kulia wa Richard kwenye piano. Hilo ni sikio la fundi.

Pat Boone, mwimbaji mzungu, naye akaurekodi wimbo huo, na katika Marekani ya ubaguzi toleo lake likapanda juu zaidi kwenye chati ya pop. Yasikilize yote mawili kwa kufuatana. La Boone limenyooka, safi, na halina joto lolote. Kwa hiyo tukimsifu Richard, na tumtaje Palmer kwa jina, na Allen, na Tyler.