Mwanafunzi wa shule ya kati ni shahidi wa nini?

Muulize mtoto wa miaka 12 shule yake ikoje, atakujibu "Kawaida tu" na kuendelea na shughuli zake. Muulize vyoo vya shule vikoje, nani hukaa peke yake wakati wa mapumziko, au mwalimu yupi hurudisha madaftari bila kuyasahihisha, na hapo atakusimulia mpaka uchoke wewe. Nimefundisha watoto wa umri huu kwa miaka mingi, na tofauti ya majibu hayo mawili hainitoki kichwani. Mjadala kuhusu maoni ya wanafunzi wa shule ya kati, yaani wale wa miaka 11 hadi 14 hivi waliotoka madarasa ya chini na hawajafika sekondari ya juu, kila mara huishia palepale: tuwasikilize au tusiwasikilize? Kwangu mimi swali hilo halitufikishi popote. Tuulize kwanza watoto hawa ni mashahidi wa nini.

Wanaotilia shaka maoni yao wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa. Huu ni umri wa kubaleghe. Jumatatu mtoto anaipenda shule. Jumanne amegombana na rafiki yake wa karibu, na ghafla walimu, majengo na hata somo alilolipenda vyote vimeharibika. Isitoshe, mambo mengine thamani yake haionekani upesi. Wako watu wazima wanaomshukuru leo mwalimu aliyewarudishia insha mara tatu, na siku zile walimchukia kwa moyo wote. Tena kujua kama umejifunza ni kazi ngumu hata kwa wakubwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya darasa la fizikia ambapo baadhi ya wanafunzi walisikiliza mhadhara uliopangwa vizuri, na wengine walifanya mazoezi wenyewe kwa makundi. Waliofanya mazoezi walipata alama zaidi kwenye jaribio, lakini wao ndio walioona wamejifunza kidogo. Mhadhara uliteleza masikioni, na waliousikiliza wakadhani umeingia. Kama mwanafunzi wa chuo kikuu anakosea hivyo, tumtarajie nini wa miaka 13?

Hoja hiyo naikubali. Ninapoachana na wenye shaka ni pale wanapochukua hatua ya pili na kusema kwamba basi malalamiko yote ya shule ya kati ni umri tu, yatapita.

Mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake walilishughulikia jambo hili tangu miaka ya 1980. Walichoona, kwa maneno yangu, ni kwamba shule ya kati humnyima mtoto vitu vilevile anavyoanza kuvihitaji. Ndiyo kwanza anataka kujiamulia mambo, na sheria zinakazwa kuliko alikotoka. Ndiyo kwanza anahitaji mtu mzima mmoja wa kumwamini nje ya nyumbani, na mwalimu mmoja wa siku nzima anageuka kuwa walimu saba au wanane, kila mmoja na kipindi chake, kila mmoja na majina zaidi ya mia ya kukariri. Ndiyo kwanza anaogopa kuchekwa, na alama zake zinaanza kupangwa mbele ya wenzake kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto anayesema "hapa hakuna anayenijua" huenda hana ghadhabu ya umri wowote. Huenda anaisoma ratiba yake sawasawa.

Kuna njia ya kutenganisha umri na shule: chukua watoto wa umri mmoja, wengine wamehamia shule ya kati na wengine wamebaki katika shule inayoanzia chini kabisa hadi darasa la nane. Jonah Rockoff na Benjamin Lockwood walifanya hivyo kwa wanafunzi wa jiji la New York, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Waliohamia waliporomoka katika hesabu na Kiingereza mwaka ule wa kuhama, na kufikia darasa la nane walikuwa bado nyuma ya waliobaki. Kubaleghe walikubaleghe wote. Mwaka 2016 Amy Ellen Schwartz, Leanna Stiefel na Michah Rothbart walirudi kwenye jiji hilohilo, safari hii wakiwa na majibu ya wanafunzi wenyewe, takriban 90,000, kuhusu uonevu, ugomvi na kama wanajiona ni sehemu ya shule. Walio wadogo kuliko wote shuleni walikuwa na hali mbaya kuliko walio wakubwa. Mtoto wa darasa la sita aliye na madarasa kadhaa ya wadogo chini yake haishi siku moja na mwenzake wa darasa la sita anayeingia mahali ambapo kila mtu ni mkubwa kwake.

Je, basi tuzifute shule za kati? Hapa tena upande wa pili unastahili kusikilizwa, na safari hii ni wanafunzi wenyewe wanaousemea. Nimekutana na wengi ambao kuhama kuliwaokoa. Mtoto aliyepachikwa jina baya darasa la kwanza huku wenzake wakilibeba miaka sita mfululizo, akifika shule mpya yenye sura mpya anapumua. Mwingine anakuta maabara halisi, mwalimu aliyesomea muziki, timu ya mpira. Shule ndogo inayowalea watoto tangu wadogo mara nyingi haina hayo. Nchi nazo hazijakubaliana. Japani ilianzisha shule ya kati ya miaka mitatu mwaka 1947, na tangu 2016 sheria yake inaruhusu pia shule moja ya miaka tisa mfululizo. Uingereza ilijenga shule za kati kwa mamia miaka ya 1960 na 1970, halafu ikafunga nyingi. Sidhani jibu limo kwenye muundo peke yake, na mtoto hawezi kutuchagulia muundo kwa sababu ameuona mmoja tu.

Lakini ndani ya muundo huo mmoja, hakuna anayeona zaidi yake. Kuanzia mwaka 2009 mradi mkubwa wa utafiti nchini Marekani, uliogharimiwa na taasisi ya Bill na Melinda Gates, ulichunguza madarasa ya takriban walimu 3,000 na kuwauliza wanafunzi kuhusu mafundisho wanayoyapata. Madarasa ambayo watoto waliyasifia, kwa wastani, yalikuwa pia yale ambayo watoto walipiga hatua zaidi kimasomo. Angalia lakini walichoulizwa. Hawakuulizwa kama wanampenda mwalimu. Waliulizwa mambo wanayoyaona kila siku: kama darasani wanajifunza kurekebisha makosa yao, kama muda unatumika kwa kazi au unapotea. Hapo mtoto hapimi thamani ya elimu, anaeleza kilichotokea asubuhi ile.

Usingizi ni mfano mwingine, na huu unaniuma kwa sababu nilikuwa upande wenye makosa. Kwa miaka wanafunzi walituambia kipindi cha kwanza hawapo, miili ipo akili haipo, nasi tukawajibu walale mapema. Sasa inajulikana kwamba kubaleghe husogeza mbele saa ya usingizi mwilini, hata kwa kiasi cha saa mbili. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za kati na za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Jimbo la California lilitunga sheria, na tangu 2022 shule zake za kati haziruhusiwi kuanza kabla ya saa mbili, isipokuwa chache za vijijini. Kabla ya yote hayo, watoto walishasema. Tulisikia, tukaita uvivu.

Hata hivyo ninaogopa kitu kimoja: maoni haya yakifungwa kwenye mshahara au kupandishwa cheo kwa mwalimu, yatakufa. Mwalimu ataanza kuyatafuta, kwa peremende au kwa alama za bure, na mtoto atajua kura yake ina bei. Pia anayeulizwa mara nyingi ni kiranja, au yule mwepesi wa kusema mbele ya wageni. Wanaoishi shule nyingine kabisa ndani ya uzio uleule hawaitwi kwenye vikao hivyo. Na ukiwauliza wote, wakajibu, kisha kimya, mwaka unaofuata wataandika "nzuri" kwenye kila mstari ili wamalize haraka.

Mwaka mmoja niliwagawia wanafunzi wangu vipande vya karatasi, bila majina, na swali moja: ni muda gani wa siku unauogopa hapa shuleni? Nilitarajia hesabu, au mitihani. Nusu ya karatasi zilitaja dakika tano za kubadilisha madarasa, kwenye ngazi za nyuma. Mmoja hakuandika neno, alichora. Ngazi zilipanda, zikakata kona, na penye kona akaweka alama ya msalaba kwa kalamu aliyoikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimezipita ngazi zile kila siku kwa miaka minne. Kesho yake kengele ilipolia nilienda kusimama pale na ndipo nikaelewa: aliye juu hamwoni aliye chini, ukuta unazuia sauti, na mwalimu hupita baada ya watoto kuisha kwa sababu naye anasubiri msongamano upungue. Mvulana mmoja mdogo alipanda akiwa amelikumbatia begi kifuani kwa mikono miwili. Aliponiona akalishusha, akalivaa mgongoni.

Tulikubaliana mwalimu mmoja awe anasimama pale kila kipindi kinapobadilika. Baada ya mwezi nikagawa tena karatasi kwa swali lilelile. Ngazi hazikutajwa na mtu hata mmoja. Karatasi nne zilitaja nyuma ya maktaba.