Bastola Kiunoni Hadharani: Marekani Inaruhusu Nini, na Tahadhari Zipi Hazikwepeki

Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba haki ya kubeba silaha haiishii mlangoni mwa nyumba. Haikusema kwamba kila jimbo lazima liruhusu silaha hiyo ionekane. Illinois, kwa mfano, hutoa kibali cha bastola iliyofichwa na kukataza iliyo wazi. Texas, tangu Septemba 2021, humruhusu mtu asiye na pingamizi la kisheria kuivaa bila kibali, mradi iwe ndani ya ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola. Anayevuka mpaka wa jimbo huingia chini ya sheria nyingine, na kibali cha kwao huenda kisitambuliwe.

Wanaotetea desturi ya kuvaa bastola wazi wana hoja. Bastola isiyofunikwa na nguo huchomolewa haraka na haimbani mbebaji. Wanaongeza kwamba mhalifu akiiona atakwenda kwingine. Hoja hii ya mwisho ndiyo dhaifu, kwa sababu aliyekwisha kudhamiria kushambulia huonyeshwa pia nani wa kuanza naye, na mwizi huonyeshwa bastola ya kupora.

Kwa hiyo ala ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Ile ya kitambaa laini, inayoishika silaha kwa kubana tu, haifai mbele za watu. Inatakiwa ngumu, inayofunika kifyatulio chote, yenye angalau kizuizi kimoja kinachofunguliwa na mvaaji mwenyewe, juu ya mkanda mgumu wa upana wa inchi 1.5. Mkanda laini hupinda, mpini ukachomoza nje, na aliye nyuma yako akaufikia kwa urahisi. Kwenye foleni, upande wenye bastola uelekee ukutani au kwenye kaunta, kiwiko kikiwa juu yake.

Baada ya hapo, usiiguse. Hatari kubwa ya risasi kutoka bila kukusudia ipo wakati wa kuirudisha alani, kidole au pindo la shati linapoingia kwenye kifyatulio. Na katika ugomvi, mkono ukishuka tu kwenye mpini, hata bila kuichomoa, unaweza kushtakiwa kwa kutishia kwa silaha. Aliyevaa bastola hadharani hana budi kumeza matusi ambayo wengine wangeyajibu.

Mtego usioonekana uko karibu na shule. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000, takriban mita 300, kutoka eneo la shule. Mwenye leseni ya jimbo ilipo shule hiyo husamehewa. Anayebeba bila kibali, hata kama jimbo linamruhusu, hana kinga hiyo barabarani, isipokuwa silaha iwe haina risasi na imefungiwa kwenye sanduku lenye kufuli. Mjini, mduara huo hufunika mitaa mizima.

Mali ya mtu binafsi ni rahisi zaidi: mwenye duka akikataa, ondoka mara moja bila mjadala. Ukibaki, unaweza kushtakiwa kwa kuingia bila idhini. Mikahawa ya Starbucks mwaka 2013 na maduka ya Walmart mwaka 2019 waliwaomba wateja wasije na silaha zilizo wazi, na ombi la namna hiyo linastahili heshima hata pale lisipokuwa amri.

Kwa upande wa polisi, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho, iliamua mwaka 2015, katika kesi ya Northrup, kwamba pale sheria inaporuhusu, kuonekana na bastola peke yake si sababu ya kumzuia mtu. Lakini askari aliyeitwa na raia mwenye hofu hufika na maelezo ya simu tu. Mwaka 2014 huko Beavercreek, Ohio, jimbo linaloruhusu silaha wazi, polisi walimuua mteja aliyeshika bunduki ya hewa aliyoitoa kwenye rafu ya duka. Basi mikono ionekane, isielekee kiunoni hata kwa kutafuta kitambulisho. Sema silaha ilipo, ngoja maelekezo, na upinzani wako upeleke mahakamani.

Bunduki ndefu ni suala jingine. Dallas, Texas, Julai 2016, mshambuliaji alipoua polisi watano kwenye maandamano, baadhi ya waandamanaji walikuwa na bunduki mabegani kihalali, na polisi wakasambaza picha ya mmoja wao kama mshukiwa ilhali hakuhusika. Bastola alani humwachia mtu mikono mitupu. Bunduki kifuani huelekeza mtutu kwa watu kila anapogeuka. Ya kwanza naweza kuitetea. Ya pili, katikati ya umati, siwezi.