Weka chini hiyo mashine ya presha ya maji

Kila ikifika Mei, mtaa wetu hapa Columbus, Ohio, hunguruma. Watu wametoka kwenye baridi, wanakuta upande wa kaskazini wa nyumba umeshika ukungu wa kijani, basi wanakodi mashine ya presha na kuichapa nyumba maji kama wanaosha lori la mkaa. Mwaka wa kwanza nami nilikodi. Sirudii.

Kwa ndugu mlioko Tanga ambao hamjaiona: nyumba nyingi huku ni fremu ya mbao. Fremu inapigiliwa mbao bapa, juu yake karatasi ya kuzuia maji, na nje kabisa vipande virefu vya plastiki ya PVC vinavyolaliana kama magamba ya samaki. Hiyo ndiyo saidingi ya vinili. Wamarekani wanaitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wauzaji wanapenda kusema haihitaji matunzo. Hapo ndipo ninapogombana nao. Babu yangu alipaka nyumba yake chokaa kila Idd ikikaribia, na sikumsikia hata siku moja akidai ukuta unajitunza wenyewe.

Saidingi si ukuta. Ni koti la mvua, tena koti lililotobolewa makusudi. Maji yanayopenya nyuma yake hutiririka juu ya ile karatasi na kutokea kwenye vitundu vilivyo ukingoni mwa chini wa vipande. Imetengenezwa kwa mvua ishukayo. Wewe sasa umesimama chini, bomba umelielekeza juu, na maji yanapanda ndani ya maungio yakiwa na nguvu zote. Kwangu yaliingia pembeni mwa dirisha la chumba cha watoto. Miezi kadhaa baadaye nikafungua kipande kimoja, nikaubonyeza ubao kwa kidole gumba. Kidole kikazama kama kwenye boflo lililochovywa chai.

Siku hizi natumia ndoo, siki sehemu 3 kwa maji sehemu 7, na brashi laini ya mpini mrefu. Naanza kusugua chini kwenda juu, maana ukianzia juu uchafu unachuruzika kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Nasuuza kwa mpira wa kawaida wa bustani kabla haijakauka. Asubuhi moja ya Jumamosi inatosha.

Ubaya mwingine unafanywa na mafundi. Kipande cha futi 12 huweza kurefuka kwa nusu inchi hivi kati ya baridi kali na joto la kiangazi, kwa hiyo msumari hauzamishwi. Unaachiwa nafasi ya kama milimita 1 ili kipande kicheze. Fundi niliyemwita alikaza kila kitu kwa bidii ya kusifika. Ilipofika Julai ukuta ukawa na mawimbi kama bahari ya kusi. Kabla hujamlipa mtu, shika kipande ukisukume kushoto na kulia. Kisipotikisika, mwambie arudie. Na akitoa silikoni kuziba vile vitundu vya chini ati wadudu wasiingie, mshike mkono.

Sisi wapenda mishikaki tuna letu pia. Plastiki hii huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 na ushei za selsiasi, na jiko la mkaa lililosogezwa ukutani kukwepa manyunyu halichukui muda kufika hapo. Nimeona ukuta wa rafiki yangu umening'inia kama nta siku ya Idd, wageni wamekaa, mishikaki imeiva vizuri kabisa.

Kipande kikiharibika, kinafunguliwa kwa kijichuma chenye ndoano cha bei ndogo, ila ngoja siku ya joto. Kwenye baridi plastiki hukatika kama biskuti. Shida ni rangi. Jua limeshaipausha nyumba, kipya kitaonekana kama kiraka. Mimi nilikitoa kizee nyuma ya gereji, nikakiweka mbele, kipya nikakipeleka nyuma kwenye mapipa ya taka. Mama mkwe alipokuja alizunguka nyumba yote, akasimama hapo hapo.

“Mbona hapa tu ndipo pamepakwa rangi?”