Kampuni changa za kutibu uraibu Lubumbashi: mtaji au mlezi?

Kila panapotangazwa shindano la mipango ya biashara hapa Lubumbashi, majalada mengi yanayoingia ni ya unga wa mahindi, ufugaji wa kuku, taka za plastiki na malipo kwa simu. Mara chache hutokea vijana wakaleta mpango wa kuwahudumia walionaswa na dawa za kulevya, na hapo mjadala huzuka papo hapo: fedha za kukuza biashara ziende huko, au jambo hilo ni la hospitali na Serikali? Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo katika mtaa wa Kamalondo. Kijana aliyetetea jalada alikuwa ametumia tramadoli, vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni, kwa miaka minne, kisha akaacha. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Faida mtaanza kuiona mwezi wa ngapi?" Alinyamaza kidogo, akajibu kwamba mtu anayeacha vidonge mara nyingi huvirudia kabla hajasimama, kwa hiyo mwaka wa kwanza asingeweza kuahidi lolote. Jibu lile lilikuwa sahihi kitabibu, nalo ndilo lililomwangusha.

Wanaopinga kutoa fedha hizo wana hoja zenye uzito. Kampuni ya Pear Therapeutics ya Boston ilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017 kwa programu ya simu ya kuwasaidia waraibu, ikaingia soko la hisa mwaka 2021 ikikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.6, na Aprili 2023 ikaomba kufilisika, kwa kuwa kampuni za bima hazikukubali kulipia huduma hiyo kwa kiwango cha kutosha. Ikiwa hayo yametokea penye bima, nani atalipa huku kwetu, ambako mgonjwa hutoa fedha mfukoni mwake na mraibu amekwisha kuuza hata viatu? Wanaongeza kwamba kampuni ikifungwa, mtu aliye katikati ya matibabu hubaki njiani, na kwamba nyumba inayolipwa kwa kila mwezi wa mgonjwa kukaa ndani haina sababu kubwa ya kutangaza kuwa amepona. Hoja hii ya mwisho naikubali, na ndiyo inayonifanya nione kuwa mikopo na wanahisa si njia ya kuanzia kazi hii. Inahitaji ruzuku.

Hata hivyo, hoja hizo zinachukulia kwamba upande wa pili kuna huduma iliyo tayari, ambayo kampuni hizi zingeipokonya fedha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya ya mwaka 2024 ilieleza kwamba, duniani kote, mtu 1 kati ya 11 wenye maradhi yatokanayo na dawa hizo ndiye aliyepata matibabu mwaka 2022. Kwa wanaume ni 1 kati ya 7. Kwa wanawake ni 1 kati ya 18.

Hesabu hiyo ya wanawake imenikaa moyoni tangu nilipoisoma, kwa sababu inaeleza jambo ambalo vitanda vya hospitali peke yake haviwezi kulirekebisha. Mfikirie mama wa mtaa wa Katuba anayepika lutuku, pombe kali ya kienyeji, nyuma ya nyumba. Anaionja kila mpiko, maana mteja hanunui kinywaji ambacho mpishi mwenyewe hakukionja, na baada ya miaka michache anaonja asubuhi kabla ya kuwasha moto. Mfikirie pia yule aliyeanza na kidonge kimoja cha maumivu ya mgongo. Dukani wanakata plaketi kwa mkasi, wanamfungia vidonge viwili katika kipande cha karatasi ya daftari, na hakuna anayeuliza maandishi ya daktari. Wanawake hawa wanajua kwamba mji una kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Kinachowazuia ni kwamba akionekana akiingia pale, mtaa mzima utasema amekwenda kwa wendawazimu, mawifi watakuja kuwachukua watoto, na siku asizouza hakuna atakayezilipa. Mtu wa kumfikia ni yule atakayeketi naye hapohapo uani, saa ambayo wateja hawajafika, na kazi ya namna hiyo kikundi kidogo cha mtaani huiweza kuliko jengo lenye geti.

Hayo si ndoto. Zanzibar na Tanzania bara zina nyumba za upataji nafuu, ambamo waraibu huishi pamoja wakiacha dawa, ambazo nyingi zilianzishwa na kuendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu. Huko Marekani, naloksoni ya kupuliza puani, ambayo humzindua aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, iliidhinishwa mwaka 2015 baada ya kampuni ndogo ya Lightlake kushirikiana na taasisi ya taifa ya utafiti wa uraibu, NIDA. Taasisi hiyohiyo iliwahi kutoa zawadi za dola 10,000 kwa wenye wazo tu, kabla kampuni haijazaliwa. Kwetu, Kinshasa ilipotikiswa mwaka 2021 na bombé, ule unga unaotokana na vichujio vya moshi wa magari, jibu lililoonekana kwanza lilikuwa msako wa polisi.

Kwa hiyo nauunga mkono mtaji, ule wa ruzuku, ila sitaki uje peke yake. Kumkabidhi dola 10,000 kwa mkupuo mtu aliyeacha vidonge miezi minane iliyopita ni kumtwisha mzigo ambao hata asiyewahi kuvigusa ungemyumbisha. Zaidi ya hapo kuna hatari ambayo waamuzi wa mashindano hawaiulizi. Kijana aliyeacha tramadoli anakumbuka maumivu, jasho na kukosa usingizi. Anajua kwamba alivumilia siku kadhaa, ikapita. Akimpokea mnywaji wa lutuku wa miaka kumi, au mtu aliyezoea Valium, vidonge vya kutuliza wasiwasi, akamfungia chumbani na kumkatia ghafla kama alivyojikatia mwenyewe, mtu huyo anaweza kukakamaa na kutetemeka kama mwenye kifafa, na anaweza kufa. Pombe na Valium zikikatwa ghafla kwa aliyezizoea sana huweza kuua. Hupunguzwa taratibu, chini ya jicho la daktari. Wema wa yule kijana na ushuhuda wake havimfundishi tofauti hiyo. Anayemfundisha ni mlezi, yaani mtu mzoefu wa kumwongoza katika kazi.

Nasi tumezoea kuwapa vijana mlezi mmoja, mfanyabiashara au mtu wa benki, ambaye huwaonyesha jinsi ya kuandika hesabu na kuongeza wateja. Hesabu ni lazima, lakini katika kazi hii mteja anayerudi kila mwezi si habari njema, na mlezi asiyelijua hilo atawasukuma vijana wake upande usiofaa. Awepo wa pili, muuguzi au daktari wa magonjwa ya akili, mwenye mamlaka ya kusema huyu msimpokee, mpelekeni hospitali leo. Ruzuku itolewe kwa vipande, na kila kipande kisubiri saini yake pamoja na ile ya mhasibu. Amri yenye nguvu ya sheria namba 22/030 ya tarehe 8 Septemba 2022 tayari imezipa kampuni changa za Kongo nafasi ya kutambuliwa, na hakuna haja ya kungoja sheria nyingine ili kuandika sharti hilo katika tangazo la shindano lijalo.

Linalobaki ni malipo ya huyo mlezi wa pili. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hawezi kupanda basi hadi Katuba mara mbili kwa wiki kwa nauli yake mwenyewe, na katika jalada lililoanguka Kamalondo, lenye kodi ya nyumba, magodoro, simu na kompyuta, mstari wa nauli yake haukuwamo.