Mimi na Sensa Iliyogoma

Taa ya njano yenye umbo la injini ilipowaka kwenye dashibodi, wenzangu wangenuna. Mimi nilifurahi. Nilikuwa na seti mpya ya soketi ambayo haijawahi kugusa nati, na mwanamume mwenye soketi mpya huwa anaombea kitu kiharibike.

Gari lenyewe ni la porini, la mwaka 1998. Limevuka mito na madimbwi mpaka chini yake ni kutu tupu iliyokubaliana kukaa pamoja. Nikachomeka kile kidude cha kusomea hitilafu, kikaniletea namba mbili, P0135 na P0141. Yaani hita ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega (kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi) imekufa, na ya ile iliyo nyuma ya masega imekufa pia.

Mtu mwenye akili angejiuliza sensa mbili zinakufaje siku moja. Mimi niliagiza mbili mpya.

Mshika tochi alikuwa mpwa wangu wa miaka 14. Hata sijaingia vizuri chini ya gari, akauliza, "Mjomba, fyuzi umeangalia?"

Nikamwambia kazi yake ni kumulika, si kufikiri.

Niseme kidogo kuhusu hii sensa. Inakaa kwenye bomba la ekzosi, inanusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama petroli imezidi au imepungua. Ila haisemi lolote la maana mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana wameiwekea hita ndani. Hita inataka umeme, na umeme hupitia kwenye... Basi, tuendelee.

Nikapiga dawa ya kulegeza kutu, nikasubiri, nikapiga tena. Spana namba 22 ikakaa vizuri kabisa. Nikavuta. Gari zima likayumba juu ya stendi, sensa haikutikisika hata kidogo. Nikavuta kwa hasira, spana ikachomoka, kiganja changu kikaisalimia chesisi.

"Imetoka, Mjomba?"

"Imelegea," nikasema. Kilicholegea kilikuwa ngozi ya vidole.

Mafundi wanasema bomba likiwa la moto hutanuka na nyuzi za nati huachia. Ni kweli. Nikawasha injini dakika 10, nikazima, nikarudi chini. Kitu ambacho sikukumbuka ni kwamba nilikuwa nimelimwagia lile bomba nusu kopo la dawa. Moshi mweupe ukafumka, mzito, wa kukwaruza koo. Mke wangu akatoka mbio na ndoo ya maji, akakuta miguu yangu miwili tu inachungulia kwenye wingu huku inarusha mateke. Nilipojaribu kuinuka kumweleza kwamba hakuna moto, sikio likagusa bomba. Basi nikamweleza kwa sauti kubwa sana.

Siku ya pili nilibadili mbinu. Spana ile ya wazi ilikuwa imeshakula kona za nati, na nati ya pembe sita ilikuwa inaelekea kuwa duara. Ilihitaji soketi ndefu inayoshika pande zote, lakini soketi haipiti kwa sababu sensa ina mkia wa waya nne. Zipo soketi zilizopasuliwa ubavuni kwa kazi hiyohiyo. Kwenye seti yangu mpya haikuwemo.

Nikachukua koleo, nikakata waya.

"Mjomba..." mtoto akaanza.

"Imekufa hiyo. Maiti haina haja na mkia."

Soketi ikaingia. Kwenye mpini nikachomeka bomba la urefu wa mita moja, nikakanyaga kingo ya tairi, nikavuta na mgongo wote. Kimya. Kisha ukatoka mlio, kriiiii, kama mlango wa kaburi, robo mzunguko. Nikapiga kelele za ushindi. Nikairudisha kidogo, nikaongeza dawa, nikavuta tena, kriiiii. Hivyo hivyo kwa muda mrefu, hadi ikaniangukia kifuani, nyekundu kwa kutu, imebeba vipande vya nyuzi za bomba kama springi ya kalamu. Ikabidi nipitishe tepu ya milimita 18, kile chuma cha kuchongea nyuzi, kuzisafisha zilizobaki. Sensa mpya nikaipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi tu, ncha sikuigusa, nikaikaza kistaarabu. Nikafuta namba za hitilafu, nikawasha gari.

Baada ya muda si mrefu, taa ikawaka. P0135 na P0141, mkono kwa mkono.

Nilikaa kwenye usukani natazama mbele. Nikasikia kifuniko kinafunguliwa, tak. Kijana alikuwa kwenye boksi la fyuzi. Akarudi na kitu kidogo kati ya vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga. Kile kiuzi cha ndani kilikuwa kimekatika katikati, na plastiki imeingia weusi. Fyuzi moja, inayolisha hita zote mbili. Tulipofuatilia waya tukakuta mahali ulipochubuka kwa kugusa bomba. Tukaufunga, tukaweka fyuzi nyingine, taa ikazimika na haijarudi.

Ningeweza kuishi na hilo. Lakini mtoto alichukua mita ya kupimia umeme, akaiokota ile sensa ya zamani, akamenya ncha za waya nilizokata, akapima hita.

"Ohm 6, Mjomba."

"Maana yake?"

"Ilikuwa nzima."

Ile sensa mpya ya pili bado iko kwenye boksi lake. Ya zamani, ile ya nyuma ya masega, imeng'ang'ania palepale na mkia wake wote. Nikilala chini ya gari kubadili oili huwa naipita bila kuitazama machoni.