Norwei na Wasami: hukumu haitoshi

Norwei hupenda kusifiwa kwa haki za binadamu, na mara nyingi inastahili. Kwa Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, ambao nchi yao imekatwa vipande na mipaka ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, haki hizo zimepatikana kwa kuvutana.

Mwaka 1972 mwanasheria Sverre Tønnesen aliandika tasnifu kuhusu ardhi ya Finnmark, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Norwei. Serikali ilizoea kuihesabu kuwa mali yake. Yeye alipekua nyaraka za zamani na kuhoji imeipata kwa sheria gani. Hoja nzito, ila haikurudisha hata ekari moja. Ikaja 1979, Wasami wakapiga hema lao, lavvo, mbele ya Bunge mjini Oslo na kugoma kula, wakipinga bwawa la umeme katika mto Alta. Bwawa lilijengwa vilevile. Lakini aibu ilikwishaingia: ikaundwa kamati ya haki za Wasami chini ya profesa Carsten Smith, na 1989 Mfalme Olav V akafungua Bunge la Wasami kule Karasjok. Sheria ya 2005 ikaitoa ardhi kubwa ya Finnmark mikononi mwa serikali na kuikabidhi kwa chombo ambacho nusu ya bodi yake huteuliwa na bunge hilo.

Kwa hiyo wanaosema msomi akae mbali na wanaharakati asije akachafuka, mimi siwaelewi. Kule Finnmark, bila wanaharakati, karatasi za Tønnesen zingebaki kabatini.

Bunge la Wasami lenyewe lina kasoro: lazima lishauriwe, ila halina kura ya turufu. Tazama Fosen, rasi ya katikati ya Norwei. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba vibali vya mitambo ya umeme wa upepo huko ni batili, kwa kuwa vinavunja haki ya wafugaji Wasami wa kulungu aktiki kuendeleza utamaduni wao. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Siku 500 baadaye vijana, akiwemo mwimbaji Ella Marie Hætta Isaksen, walifunga milango ya wizara ya nishati, ndipo Waziri Mkuu Støre akaomba radhi.

Kesi ilimalizwa kwa makubaliano, 2023 na 2024: wafugaji walipwe na watafutiwe malisho mengine, mitambo ibaki. Watafiti wa sasa waanzie hapo. Mfugaji aliyeshinda mahakamani, kisha akasaini huku mitambo imekwishasimama kwenye malisho yake, alikuwa na uhuru gani wa kukataa?