FLAC iliyotokana na MP3 si FLAC

Hili linanikera kweli. Mtu anakupa flashi, anakuapia nyimbo zote ni FLAC (faili linalobana sauti bila kutupa chochote), kumbe kachukua MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde akazigeuza tu. Faili limenenepa, sauti ni ile ile! MP3 ikishatupa sehemu ya sauti, hairudi tena. Washa redio ya gari usikilize matoazi: yanasikika kama maji yanayochuruzika. Afadhali MP3 ya 320 iliyotoka moja kwa moja kwenye CD. Gari likiwa mwendoni, tairi na upepo vikinguruma, mimi siitofautishi na FLAC. Nawe unayerusha FLAC kwa Bluetooth, kwa kawaida simu inaibana upya na kutupa sehemu ya sauti kabla haijafika kwenye spika. Chomeka flashi, jamani!